Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: siku za rufaa zihesabiwe tangu barua imfikie mtumishi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,

Nakusalimu kutoka Igoma, Mwanza. Nimetumika masijala, yaani ofisi ya kutunza majalada, ya halmashauri moja ya kando ya ziwa kwa miaka 27 hadi nilipostaafu. Si mwanasheria, wala sikuandikii kwa niaba ya chama chochote. Mikononi mwangu yamepita majalada ya watumishi walioumia wakiwa kazini, na mahali madai yao yanapokwama napafahamu.

Nianze na dereva wetu. Siku hiyo alikuwa anarudi kutoka kupeleka chanjo kwenye zahanati iliyo jirani na mwalo. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likaserereka, likaacha njia na kupinduka. Alivunjika nyonga. Fomu ya polisi ya PF3 ilichukuliwa siku ileile. Taarifa ya ajali ikaandikwa, ikaletwa masijala, nikaipa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, nikalipandisha jalada kwa wakubwa. Ikaishia hapo. Afisa aliyepaswa kusaini alikuwa amehamishwa. Aliyekaimu akasema yeye hakuwapo siku ya ajali, hawezi kuthibitisha jambo asilolishuhudia. Jalada likanirudia na dokezo la maneno matatu: "Tusubiri afisa mhusika." Nikaliweka kwenye shubaka. Kwa miezi mitano nilikuwa nalipita kila asubuhi nikienda kuchukua jalada jingine, na sikusema neno, kwa kuwa karani wa masijala hamkumbushi mkuu wake wajibu wake. Nilipaswa kusema. Jambo hilo halijanitoka moyoni, na ndilo lililonikalisha kuandika barua hii.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, haimwachi mwajiri asubiri miezi mitano. Inamtaka atoe taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake, na mtumishi hakatwi hata senti kwenye mshahara wake. Mafao yalipoanza kutolewa Julai 2016 tulifurahi sana, maana sisi wa zamani tulikuwa tumeona wenzetu wakiumia na kurudi kijijini na magongo, mkononi wamebeba barua ya pole tu. Kwa hiyo nasema wazi kwamba sipingi Mfuko. Walioamua shauri la dereva waliamua kwa karatasi walizopelekewa. Taabu iko kwenye karatasi ambazo hazikupelekwa.

Dereva alipopimwa kiwango cha ulemavu alipewa asilimia 27. Mtu asiye na jalada mkononi ataona hiyo ni tarakimu kama nyingine. Lakini wewe, Mheshimiwa, unajua kwamba anayepewa asilimia 30 au chini ya hapo hulipwa mkupuo mmoja, na anayezidi 30 hupata pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo pointi chache za asilimia ndizo zinazoamua kama mtu atalipwa mara moja, ajenge chumba kimoja na fedha iishe, au atakuwa na uhakika wa unga kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Taarifa ya daktari wa mifupa aliyemwona wiki za mwanzo, iliyoeleza kwamba mguu umefupika na hatakaa tena kwenye usukani saa nyingi, haikuwamo kwenye vielelezo. Ilikuwa kwangu, kwenye shubaka, folio ya 9.

Angeweza kupinga. Sheria inampa mtumishi njia ya kupinga uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, shauri likakufikia wewe Waziri, na asiporidhika na uamuzi wako akaenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Hatua zote hizo zina ukomo wa siku. Barua ya uamuzi ilikuja kwa anuani ya halmashauri. Ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikapandishwa kwa wakubwa, ikashuka, na dereva aliyekuwa kwao akijiuguza aliitwa kuichukua wiki ya saba. Kwenye karatasi alikuwa ameshapewa taarifa siku muhuri wa kupokelewa ulipogongwa. Muhuri huo niliugonga mimi.

Ombi langu kubwa limo hapo. Kanuni za sheria hii zinatoka mezani kwako. Naomba zitamke bila utata kwamba siku za rufaa zinaanza kuhesabiwa siku ambayo mtumishi mwenyewe, au mtegemezi wake kama amefariki, ametia saini kuwa ameipokea barua. Muhuri wa mwajiri usihesabike kuwa ni mikono ya mgonjwa. Na barua hiyo imweleze sababu: vielelezo gani vilitazamwa, vipi havikuonekana, na asilimia aliyopewa imepatikanaje. Mtu hawezi kukata rufaa dhidi ya tarakimu tupu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini, lakini taarifa ya kitabibu ya dereva wetu ilikuwa ya Kiingereza kuanzia mstari wa kwanza, na alikuwa akimpa mwanawe wa kidato cha tatu amsomee habari za nyonga yake mwenyewe.

Nije kwa watumishi wa visiwani, maana mkoa huu hauwezi kuelezwa bila maji. Muuguzi au mwalimu wa Ukara anayetaka kufuatilia jalada lake huvuka kwa kivuko mpaka Bugolora, ashike gari mpaka Nansio, apande meli kuja Mwanza. Njia hiyo ya Bugolora na Ukara ndiyo ambayo MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Anayeifunga safari hiyo akiwa na mgongo uliovunjika, akafika akaambiwa afisa yuko semina, hairudii mara ya tatu. Madai yanafia hapo, kimyakimya, na kwenye vitabu huonekana kana kwamba mtumishi aliridhika. Naomba rufaa zisikilizwe pia kwa simu, au watu wako wafike Nansio na Sengerema kwa siku zinazotangazwa, kama wanavyofika waganga wa macho.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa, nalo ni kichocho. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi nchini. Afisa uvuvi msaidizi hukagua nyavu, husukuma boti ya doria, husimama majini mpaka kiunoni mchana kutwa. Miaka ikipita anaanza kutapika damu, ini limeharibika. Akidai kuwa ugonjwa umetokana na kazi, anaulizwa swali ambalo hana jibu lake: utajuaje kwamba hukuupata ulipokuwa ukioga ziwani utotoni? Ni kweli, amezaliwa hapahapa, kaoga maji yaleyale. Lakini mwajiri alimtuma majini kwa miaka 15, hakumpa mabuti marefu, hakumpangia vipimo vya mara kwa mara, na hata rejista ya siku alizokuwa doria haikutunzwa. Ushahidi ambao ungemsaidia ulipaswa kuandikwa na mwajiri. Kama mwajiri hakuuandika, si haki pengo hilo lihesabiwe dhidi ya mgonjwa. Rufaa za namna hiyo zikifika kwako, nakuomba umuulize mwajiri kwanza: rejista iko wapi?

Najua ugumu mmoja ulionao. Fidia iko chini yako, lakini halmashauri ziko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mkurugenzi Mtendaji anapochelewesha taarifa, Mfuko humwandikia, yeye humwelekeza Afisa Utumishi, Afisa Utumishi huomba jalada masijala, na mambo yanaanza upya. Kiwanda binafsi kikikaidi kinaogopa faini. Halmashauri ikikaidi, faini hiyo itatoka kwenye mapato ya wananchi walewale, kwa hiyo hakuna anayeumia mfukoni mwake. Mkae na mwenzako wa TAMISEMI mkubaliane kwamba ajali ambayo haikutolewa taarifa ndani ya siku 7 iingie kwenye tathmini ya utendaji ya mkuu aliyeikalia, kwa jina lake. Nimeona kwa miaka 27 ni nini kinachofanya jalada litembee. Jalada la hoja ya mkaguzi wa hesabu halilali shubakani hata siku mbili.

Na wenzangu mlio kwenye mashubaka leo, kama mnaisoma barua hii: mkipokea taarifa ya ajali, mpeni mwenye ajali nakala yenye muhuri siku ileile. Mimi sijaona waraka unaowakataza. Nakala hiyo moja ingemtosha dereva wetu.

Dereva yupo Misungwi sasa. Anauza mkaa pembeni ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda kirefu kwa sababu kifupi hawezi kuinukia. Mwaka jana nilimtembelea, nikamweleza habari ya folio ya 9. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama bado ipo. Nilimjibu kwamba majalada ya watumishi waliotoka hayachomwi ovyo, kwa hiyo inapaswa kuwapo. Ombi lake la kuongezewa muda wa kukata rufaa tumeliandika pamoja, kwa mwandiko wangu na saini yake, tukaambatanisha maelezo yangu kuhusu muhuri ule na ile miezi mitano. Limeelekezwa ofisini kwako. Naomba lisomwe, na jibu atakalopewa, liwe la kukubali au la kukataa, litumwe kwake mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Igoma, Mwanza