YAH: Malalamiko kuhusu kipimo cha udongo nilicholipia na ambacho hakikufanyika

Ndugu Meneja,

Kwa heshima zote, ninalalamikia karo na shimo la kufyonza maji taka mlilojenga nyumbani kwangu Kigamboni. Kipimo cha udongo kimo kwenye ankara yenu na nimekilipia, lakini hakikufanyika.

Nilipokuja ofisini kuuliza, ofisa wako alinijibu mbele ya wateja wengine: "Mama, maji taka ni yenu, sisi tunachimba tu." Kijana yule ni rika la mwanangu wa mwisho.

Utaratibu mnaujua: shimo dogo huchimbwa hadi kina ambacho maji yatafyonzwa, hujazwa maji na kuachwa lilowe usiku kucha, kisha hupimwa maji yanashuka kiasi gani kwa muda maalumu. Msimamizi wenu alichota mchanga kiganjani, akaupukuta, akasema unakunywa vizuri, akaondoka. Mchanga wa pwani kunywa maji si habari ngeni. Kilichotakiwa kujulikana ni maji ya ardhini yako kina gani, kwa kuwa mchanga unaopitisha haraka hauchuji vya kutosha, na masika maji hayo hupanda. Ninyi mlichimba kiangazi, na hata chini kulipoanza kuchuruzika mliendelea kujenga. Mvua za Aprili zilipokolea, shimo lilijaa kutoka chini, choo kikarudisha uchafu, na kisima chetu kikaanza kunuka. Wajukuu wangu walikuwa wameshayaoga maji yale. Kisima hicho hakiko hata mita 30 kutoka kwenye shimo, na mafundi wenu walikiona, maana walichota humo maji ya kuchanganyia zege.

Narudia la ofisini, kwa sababu halijanitoka moyoni. Nilieleza kwa upole kwamba kisima kinanuka. Ofisa hakuinua macho kwenye simu yake. Nilipoweka risiti mezani, aliisukuma kunirudishia kwa ncha ya kalamu, akasema, "Mama, maji taka ni yenu, sisi tunachimba tu," kisha akamwita mlinzi anionyeshe mlango. Risiti ile ina muhuri wenu.

Ninaomba mtaalamu afike, apime udongo na kina cha maji ipasavyo, na shimo lijengwe upya mahali panapofaa kwa gharama yenu. Pia ninataka nirudishiwe fedha ya kipimo, pamoja na gharama za gari la kunyonya maji taka na za kupima maji ya kisima maabara. Ofisa yule aniombe radhi kwa maandishi.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14, barua hii, ankara na picha nitazifikisha kwa ofisa afya wa kata, Bodi ya Usajili wa Makandarasi na Tume ya Ushindani. Hapo sitapokea tena marekebisho yoyote. Nitadai fedha ya kazi nzima, na ikibidi mahakamani.

Mteja wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam