Elektrodi haiishii tanurini

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe la moyoni. Kila gazeti lenu linapoandika habari za kuhifadhi umeme kwa mabaki ya mimea, hadithi huishia kwenye tanuri: vifuu vimeingia, kaboni imetoka. Mimi ni fundi wa maabara, mwaka wa saba sasa naosha unga huo mweusi wa kutengenezea elektrodi, yaani bamba zinazoshika chaji ndani ya kifaa cha kuhifadhi umeme, na kazi inayonichosha huanza hapo mnapoweka nukta.

Kifuu huchomwa ndani ya nitrojeni, bila oksijeni, kisije kikawa majivu. Mkaa wake husagwa, ukachanganywa na potasiamu haidroksaidi, ukarudi tanurini kwenye nyuzi 800 hivi. Kemikali hiyo huula mkaa kwa ndani, ikaacha vitundu vidogo mno. Gramu moja iliyofanywa vizuri huwa na kuta zenye eneo linalopita mita za mraba 2,000, na chaji ya superkapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme mithili ya betri, hukaa juu ya kuta hizo. Ndiyo maana hujaa kwa sekunde chache.

Sasa kuosha. Asidi, maji, chuja. Maji tena, chuja. Yanatoka maangavu kabisa, ila karatasi ya bluu ya litmasi bado inageuka nyekundu, yaani asidi bado imo, basi narudia. Siku moja niliharakisha. Seli, yaani superkapasita ndogo ya majaribio, niliyoiacha imejaa jioni niliikuta asubuhi karibu tupu. Tulipoupima ule unga tukakuta mabaki ya chuma, nayo ndiyo yaliyokuwa yakivujisha chaji usiku kucha. Maganda ya mpunga yana taabu zaidi, maana yamejaa silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga.

Mnapenda kuandika kwamba malighafi ni takataka, haina gharama. Kweli, kifuu ni taka. Lakini kwa gramu moja ya mkaa mara nyingi tunatumia gramu 3 au 4 za potasiamu haidroksaidi, na sehemu kubwa ya mkaa wenyewe huliwa humo humo. Naipenda kazi hii na naamini ina faida. Kwa sababu hiyo inaniuma ikisimuliwa nusu.

Mtafiti akiwaonyesha kikopo cha unga mweusi, muulizeni umetoka kwenye kilo ngapi za vifuu, na maji ya kuoshea ameyamwaga wapi.

Fundi wa maabara