Salamu za Noeli kutoka Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu, jamaa na marafiki.

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha Noeli nyingine. Mlioko njiani kutoka Dar, awafikishe salama. Tunajua nauli ilivyopanda na mabasi yalivyojaa. Mbuzi naye kapanda bei, sukari ndiyo usiseme, lakini mbege ipo na migomba haijatutupa.

Mwaka huu tumempoteza shangazi. Mliokuja kumzika mwezi wa nane, Mungu awalipe. Kaka zake walisomeshwa kwa pesa ya kahawa, yeye akabaki kukata majani ya ng'ombe. Kusoma alijifunzia kwenye kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na tayari alikuwa mama wa watoto. Kila Januari aliishusha ukutani kalenda ya mwaka uliokwisha, akaikata, akajaladia madaftari ya wajukuu na ya watoto wa jirani. Kisha aliandika jina la kila mtoto mwenyewe, taratibu, kwa herufi kubwa. Januari hii sijui nani atayaandika. Namkumbuka mno.

Ndugu zangu, ada ilifutwa 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafuata ya kidato cha tano na sita. Ni neema kubwa. Ila sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi, na wapo watoto hapa hapa kijijini wanaochaguliwa kidato cha kwanza wakakosa hata begi. Binti aliyejifungua naye ameruhusiwa kurudi darasani tangu Novemba 2021. Tusimzuie sisi kwa maneno yetu.

Mnaopanda na magari, leteni vitabu. Vile walivyomaliza watoto wenu vimelala kabatini, na huku kitabu kimoja cha fizikia kinagombaniwa na dawati zima. Mwenye bando ampe mtoto simu asome vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, ni bure. Tupunguze kreti za bia, tununue viatu. Mungu atatuuliza habari za mtoto aliyebaki nyumbani huku sisi tunakula ndafu!

Kikao cha ukoo ni tarehe 27 baada ya misa, na boksi la madaftari litakuwepo.

Nawatakia nyote Noeli njema na heri ya mwaka mpya.