Nukta zilizofutwa kwa raba

Mhariri,

Nilitunza maabara za shule za sekondari hapa Mombasa kwa miaka 26, na sasa nimestaafu, niko nyumbani Kisauni. Kazi yangu ilikuwa kukata nyuzi, kuosha vyombo vya kemia, kuhesabu lenzi kabla na baada ya kipindi, na kusimama nyuma ya darasa. Asimamaye nyuma huitazama mikono ya wanafunzi kuliko nyuso zao, na hiyo mikono ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kidato cha tatu alinionyesha daftari lake la fizikia. Walikuwa wamefanya jaribio la pendulamu: kitufe (tufe dogo) cha chuma kimening'inizwa kwa uzi, unakisukuma kidogo, unahesabu bembea 20 huku umeshika saa. Unabadilisha urefu wa uzi na kurudia. Kisha unachora grafu ya mraba wa muda wa bembea moja dhidi ya urefu, na humo unapata mvuto wa dunia, kwa mita kwa sekunde mraba. Grafu yake ilipendeza macho: nukta tano, mstari mmoja ulionyooka, umepita kwenye sifuri barabara. Nilipoinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha nikaona makovu ya nukta nyingine zilizofutwa kwa raba, zote juu kidogo ya mstari.

"Hizi zilikuwa nini, mwanangu?"

"Hizo zilikataa, Bibi. Tuliambiwa mstari lazima upite kwenye sifuri na jibu likaribie 10. Basi nikazipanga."

Nikamwomba aniletee zile hesabu za mwanzo. Uzi wa sentimita 20 ulimpa 9.2. Wa sentimita 40 ukampa 9.5. Wa mita moja ukampa 9.7. Tazama hapo, Mhariri: uzi ukirefuka, jibu linapanda. Mtu aliyekosea ovyo hakosei kwa mpango hivyo. Nikamuuliza alipima uzi kutoka wapi hadi wapi, akanionyesha: kutoka pale uliposhikwa juu hadi pale ulipofungwa kwenye kitufe. Urefu wa pendulamu hupimwa hadi katikati ya kitufe, na kitufe chao kilikuwa na kipenyo cha sentimita 2.4. Kwa hiyo kila mara aliacha sentimita 1.2 bila kuzihesabu. Kwa uzi mfupi hilo ni pengo kubwa, kwa uzi mrefu ni dogo. Na laiti angeziacha zile nukta mahali pake, mstari wake ungeukata mhimili wa urefu nyuma ya sifuri kwa sentimita 1.2 zile zile. Grafu yake ilikuwa imekipima kitufe bila yeye kuiomba, naye akaifuta.

Simwandikii mwalimu wake lawama. Ana darasa lililojaa, stendi za kuhesabu, na mtihani wa vitendo unaomsubiri mlangoni. Mimi mwenyewe nimewahi kumnong'oneza mtoto aliyekaribia kulia, "Tafuta 10," nikadhani namsaidia. Hilo linaniuma hadi leo.

Ninalolilalamikia ni namna tunavyoifundisha njia ya sayansi. Iko ukurasa wa kwanza wa kila kitabu: angalia, uliza, kisia, jaribu, hitimisha. Watoto huikariri kama jedwali la kuzidisha. Wachache huambiwa orodha hiyo imetoka wapi. Mwaka 1910 mwanafalsafa wa Marekani, John Dewey, alieleza kwa hatua tano jinsi akili ya mtu inavyohangaika na jambo linalomtatiza. Waandishi wa vitabu vya shule waliomfuata ndio walioigeuza kuwa kanuni ya maabara. Kwa Dewey kila kitu kilianza na kutatizwa. Kwetu, kutatizwa ndiko kunakofutwa.

Pendulamu hiyo hiyo ina kisa ambacho mtoto wa Mombasa ana haki ya kukijua. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa Cayenne, Amerika ya Kusini, kutazama sayari. Mji huo uko nyuzi kama 5 kaskazini mwa ikweta. Sisi tuko nyuzi 4 kusini. Saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawa Paris, kule ilichelewa kama dakika 2 na nusu kwa siku. Ilimbidi aifupishe pendulamu kwa chini ya milimita 3 ili iende sawasawa. Angeweza kusema saa imeharibika safarini, na nani angembishia? Badala yake alirudia kipimo kile wiki baada ya wiki kwa miezi 10, akakiandika kama kilivyo. Wako waliokitilia shaka, wako waliodhani ni joto la huko limerefusha chuma. Isaac Newton, katika kitabu chake cha 1687 na matoleo yake ya baadaye, alilipima hilo suala la joto akaona halitoshi, akaonyesha kwamba dunia inayojizungusha lazima iwe imevimba kidogo kiunoni, na mvuto wake hupungua ukikaribia ikweta. Ndiyo maana mvuto wetu hapa ni kama 9.78, na wa Paris ni 9.81. Umbo la dunia nzima lilikuwa limejificha ndani ya milimita 3 ambazo mwanafunzi wetu angezifuta ili apate alama.

Na wakubwa nao wafundishwe pamoja na makosa yao. Galileo, ambaye huyo mjukuu wangu anamjua kama mtu wa pendulamu, alichapisha kitabu mwaka 1632 akidai kwamba bahari hujaa na kupwa kwa sababu dunia inatembea na kujizungusha, maji yakayumba kama ndani ya chombo. Alimshangaa Johannes Kepler, mwanaastronomia wa Ujerumani, kwa kuamini kwamba mwezi una amri juu ya maji. Mvuvi yeyote wa Mji wa Kale angemwambia kwamba bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huja katikati yake. Anayevuka Likoni siku ya bamvua, maji yakipwa, huliona hilo miguuni mwake pale mteremko wa kushukia feri unapokuwa mkali. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Hata hivyo mvuvi hakuwa na sababu, alikuwa na kumbukumbu tu. Galileo alikuwa na sababu iliyogongana na kumbukumbu hizo. Sababu iliyokubaliana nazo ilingoja hadi Newton. Kipindi kimoja cha kulijadili hilo, pamoja na jedwali la maji la bandari ya Kilindini mezani, kingemfaa mtoto kuliko kuziimba zile hatua muhula mzima.

Naomba mambo ya kawaida yasiyohitaji fedha. Matokeo yaandikwe kwa kalamu ya wino, na raba isiingie maabara. Mwanafunzi aliyepata 9.2 akaeleza kwa nini apewe alama sawa na aliyepata 9.8, na anayeleta nukta zilizonyooka kupita kiasi aombwe kurudia mbele ya mwalimu. Kabla ya jaribio, mwalimu atumie dakika 5 kusema nani alilifanya kwanza na lilimkataa wapi.

Nyumbani tumelirudia lile jaribio. Tumefunga mshipi wa kuvulia juu ya mlango, tukaning'iniza chubwi la risasi la babake. Safari hii mjukuu wangu hakupima hadi kwenye fundo. Alisimama na rula mkononi akaniuliza: chubwi si la mviringo, juu ni jembamba na chini ni nene, sasa katikati yake ni wapi? Tumejaribu kulisawazisha juu ya ncha ya kisu na limeanguka mara mbili. Jumamosi tunaendelea.

Mtunza maabara mstaafu,
Kisauni, Mombasa