Kabla hujanunua trampolini ya mtumba, hesabu springi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, khasa hawa ambao sikukuu inakaribia na watoto washaanza kulia wanataka trampolini uani, lile fremu la chuma lenye kitambaa cha kurukia kilichoshikwa kwa springi na neti kuzunguka. Mie nishanunua, nikajuta, nikanunua tena, kwaio hapa nasema kitu kilichonipata.

Ile ya kwanza niliichukua kwa mtu anaeuza mitumba ya kontena, simtaji na pahala pake sipataji. Alikuwa kaisimamisha nje karibu na barabara, kubwa, futi 12, neti inapepea, wanangu walivoiona kwenye daladala hakukukalika tena. Nikamuuliza, kaka angu hii nzima? Akanijibu, "Mama, hii ya Uingereza hii, haiozi, utawaachia wajukuu." Nikatoa pesa. Sikuinama hata mara moja kuangalia chini yake.

Tulipofika nyumbani Fuoni tunaifunga ndo baba watoto akaanza kuhesabu: matundu ya springi kwenye fremu 72, springi zenyewe 66, na katika hizo 66 nne zimeshikizwa kwa waya ule wa kufungia nondo. Tukasema si kitu, tutatafuta nyengine. Wapi! Tumezunguka Darajani, tumekwenda mpaka Mwanakwerekwe, kila fundi anakupa springi ya pikipiki anakwambia hii itafaa bi dada. Haifai. Springi zikiwa hazilingani urefu na nguvu kile kitambaa kinavutika upande mmoja, mtoto anaruka katikati anakuja kuangukia pembeni, na pembeni ndo kwenye vyuma.

Alaf kuna kutu. Sisi tunaishi kisiwani jamani, chumvi iko kwenye hewa, hata bawaba za mlango zinaliwa seuze bomba la fremu lililokaa nje mchana na usiku. Nilichokuja kujifunza ni kwamba rangi ya juu haikwambii kitu. Ukienda kununua muombe muuzaji atoe kile kifuniko cha plastiki kwenye ncha ya bomba, umulike ndani kwa tochi ya simu. Bomba zuri limepakwa zinki nje na ndani, ndani utaona kijivu kikavu. Yangu mie nilipokuja kuimulika, nishachelewa, ndani nyekundu kama udongo wa kinongo na ukiigonga inamwaga unga. Nje inang'ara! Springi nazo ni hivo hivo, na ukiona ndoano yake imeanza kunyooka, au mshono unaoshika vile vipete vya springi umekaa kama uzi wa gunia, usinunue hata akupe bure.

Jua nalo. Kitambaa cha kurukia na neti vimefumwa kwa nyuzi za plastiki, na jua letu linazila taratibu, kwa macho huoni kitu. Ishike neti uikunjekunje mkononi, ikitoa vumbi au nyuzi zikikatika ujue imeshakwisha. Na neti nzuri imefungwa ndani ya springi, yaani mtoto akiegemea hawezi kukanyaga springi kabisa. Zile za zamani neti iko nje, springi zimefunikwa kwa sponji peke yake, na sponji mvua ya masika ikiingia mara mbili inakuwa kama mkate uliotiwa kwenye chai, mwisho kuku wanaidonoa. Zile nguzo za neti na zenyewe zinatakiwa ziwe zimevalishwa sponji. Ukiwa unanunua mpya muulize alama ya viwango, za Ulaya zina EN 71-14, hicho ndo kiwango chao cha trampolini za nyumbani, ingawa na karatasi peke yake usiiamini, mulika bomba.

Sa nije kwenye lililoniuma. Mtoto wa mdogo wangu, ana miaka 4, alikuja kwetu siku ya Ijumaa. Wanangu wapo, watoto wa jirani wapo, watoto waliotoka chuo cha Kurani wapo, mana mnajua mtaani kwetu ukiweka kitu cha kuchezea uani basi ni cha mtaa mzima na huwezi kumwambia mtoto wa mwenzio rudi kwenu. Mie niko jikoni nakuna nazi. Nasikia kelele za furaha, mara zimekatika. Nikatoka na mbuzi bado uko wazi pale chini. Mtoto hakuanguka nje, neti ilimshika vizuri, hakugonga chuma, kakaa tu katikati ya kitambaa kashika mguu wake hasemi kitu. Kule hospitali daktari kabla hata ya kumgusa akaniuliza, "Walikuwa wangapi juu?" Nikasema sita. Akatikisa kichwa.

Akanieleza na nitaeleza nilivoelewa. Mwanangu mkubwa ana miaka 11, mzito, akitua kitambaa kinashuka naye, halaf kinarudi juu kwa nguvu. Sasa yule mdogo wakati huo huo ndo anashuka, kwaio miguu yake inakutana na kitambaa kinachopanda, ni kama vile kaangukia ardhi ngumu. Mfupa wa muundi pale chini kidogo ya goti haustahamili. Kaniambia kwa watoto wadogo ni jambo linalojulikana kabisa. Madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba bora mtu asiweke trampolini nyumbani kabisa, na wanasema kama robo tatu ya wanaoumia wanaumia wakiwa wanaruka zaidi ya mmoja, na chini ya miaka 6 wasipande. Kumbe mie siku zote naogopa mtoto asianguke nje, nikaona neti ndo kinga, na neti haina habari na hili.

Ukitazama na asili yake utaelewa. Huyu aliyeitengeneza miaka ya 1930, Mmarekani George Nissen, alikuwa mtu wa sarakasi za viungo, alipata fikra kwa kuwaangalia watu wa sarakasi wanavodondokea kwenye wavu. Kitu cha watu waliofundishwa! Hata kwenye Olimpiki, iliingia Sydney mwaka 2000, wanapanda mmoja mmoja na pembeni wapo watu wamesimama kumlinda. Sisi tunapandisha sita na mmoja kambeba mdogo wake.

Na hapa nataka niseme na wenye biashara za sikukuu. Watoto wetu siku hizo wa Unguja ni viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo, wa Pemba Tibirinzi, wanakwenda na pesa zao mkononi, na nani atawazuia. Lakini sikukuu iliyopita, pahala fulani sisemi wapi, nimeona trampolini moja wanapandishwa watoto kumi na zaidi, wakubwa kwa wadogo, na anaekusanya pesa yuko upande wa pili anahesabu chenji. Watoto wa kike na baibui zao na mitandio ina pini. Baibui lile likinasa kwenye springi, au pini ikamchoma jicho mwenzake, nani wa kuulizwa? Kama huwezi kuwapandisha mmoja mmoja basi angalau wapange kwa umri, dakika zao chache, washuke, wapande wengine. Pesa utapata ile ile. Na hawa wanaoshughulika na viwango na bidhaa zinazoingia bandarini, nguo za ndani za mtumba wanazishughulikia, basi na haya mavyuma wayatupie jicho.

Kuna na mambo ya uwanja. Nyua nyingi siku hizi zimemwagwa zege na ukuta una vigae vya chupa, humo usiweke, iwe na mita 2 au zaidi kila upande bila ukuta wala kamba ya nguo, na juu pasiwe na tawi wala mnazi. Upepo nao, wenzetu wa upande wa Paje na Jambiani wanajua, kusi likivuma ile neti inageuka tanga. Kwetu udongo upo tumepigilia vigingi, walioko kwenye jabali wajaze viroba vya mchanga wakae juu ya miguu yote. Ngazi mie naitoa ikifika adhuhuri naificha chumbani, mana kwa ngazi ile ndo vile vidogo vinapanda peke yao huku mama kalala.

Sasa tunayo nyengine, futi 10, mpya, wifi yangu aliyeko Muscat kaileta na mzigo wake. Sheria ni moja, anaeruka ni mmoja na bibi yao yuko kwenye kiti na tasbihi. Anawahesabia, ukifika mruko wa thelathini shuka, ugomvi wa zamu haukosekani kila siku. Mtoto wa mdogo wangu mguu umeunga alhamdulillahi, anakimbia, ila hapandi mpaka atimize miaka yake. Fremu ya zamani jirani kaichukua kafanya banda la kuku.

Yule kaka muuzaji nimepita kwake wiki iliyopita. Anazo mbili pale nje, neti zinapepea, moja nimeinama safari hii kuiangalia, ina waya ule ule wa nondo.

Mama wa watoto watatu,
Fuoni, Unguja.