Kwa wajukuu wa kamati ya historia ya ukoo: bango lisichapwe kwanza

Wajukuu zangu, kamwene.

Nimeonyeshwa bango mnalotaka kulipeleka kwa mchapaji kwa ajili ya mkutano wa ukoo wa Desemba. Juu kabisa mmemweka babu wa babu zenu, na chini ya jina lake mmeandika "Jemedari wa Mkwawa, Lugalo 1891", yaani vita ambavyo Wahehe wa mtemi Mkwawa waliwapiga Wajerumani. Nimefurahi kwamba mnatafuta, maana baba zenu hawakujali. Ila bango lisichapwe kwanza.

Tangu nipate akili sijakutana na ukoo hapa Iringa ambao haukuwa Lugalo. Waliomvizia Zelewski, yule kamanda wa Wajerumani ambaye wazee walimwita Nyundo, asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, wanakadiriwa kuwa kama 3,000. Wakikusanywa wote ambao wajukuu wao wanadai walikuwepo, vichaka vya pale visingewaficha. Sasa pigeni hesabu. Kijana wa miaka 20 aliyeshika mkuki siku ile alizaliwa karibu na mwaka 1871. Huyo jemedari wenu mmemwandikia kitinda mimba aliyezaliwa 1944, yaani mzee ana miaka 73 na analea mtoto mchanga. Yanatokea, wanaume wa zamani tunawajua. Lakini mimi naona mmeruka kizazi: kuna babu na kuna mjukuu aliyerithi jina lake, nanyi mmewafanya mtu mmoja.

Hesabu hiyo ifanyeni kwa kila jina kabla ya kulitafutia vita. Wazee hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, lakini wanajua nani alikuwa ananyonya wakati wa njaa ipi, na nani alikuwa amekwisha kuolewa Waingereza walipoingia Iringa, Agosti 1916. Anzeni na walio hai, na anzeni na bibi zenu. Wanaume watawasimulia vita. Bibi atawaambia nani alizaa na nani, na mtoto yupi alikuja na mama yake. (Babu msimhoji jioni akiwa na pombe yake ya ulanzi. Mtaondoka na vita ambavyo hata Wajerumani hawakuvisikia.)

Baada ya hapo ndipo mwende kwenye vitabu vya ubatizo. Upande wetu wa Kikatoliki ni Tosamaganga. Wale wa Njombe waulizie kwa Walutheri, kwenye misheni za zamani kama Kidugala na Lupembe. Walioolewa Rungwe waende kwa Wamoraviani, waliofika huko 1891. Ombeni ruhusa kwa heshima, na msiishie kwenye jina la mtoto. Angalieni msimamizi wa ubatizo ni nani na kijiji kilichoandikwa ni kipi, maana mara nyingi msimamizi ni ndugu ambaye ukoo umeshamsahau. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza, lakini nauli ile msiitumie mpaka mjue mnatafuta jina gani na la mwaka gani.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike hadharani, ili na koo nyingine zisome. Mkitafuta kweli, mtakuta mambo yasiyofaa kwenye bango. Munyigumba na mwanawe Mkwawa waliujenga Uhehe kwa kuunganisha watemi wadogo wadogo na kwa kupigana na majirani: Wasangu, Wabena, Wangoni, Wagogo. Vita vile vilileta mateka, wengi wao wanawake na watoto, wakaolewa na kulelewa humu humu. Mke wa huyo jemedari wenu, hakuna anayejua mahari yake ilipelekwa wapi. Hakuna mjomba anayetajwa, hata mmoja. Mimi nadhani najua maana yake, nanyi sasa mnaweza kukisia. Je, kwenye bango yuko wapi? Mmeandika "mke".

Mwaka 1905 Wabena waliingia vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani wakaishambulia misheni ya Yakobi, huku Wahehe kwa sehemu kubwa wakiwa upande wa Wajerumani. Bibi mzaa baba yenu ni Mbena wa Njombe. Kwa hiyo damu yenu ilikuwa pande zote mbili, na njaa iliyofuata, mashamba yalipochomwa, iliua upande mmoja zaidi ya mwingine. Muulizeni nani kwao hakurudi. Na muulize pia ni nani katika ukoo wetu alivaa sare ya askari wa Mjerumani, na nani alibebeshwa mizigo ya wazungu kati ya 1914 na 1918, maana wapagazi walikufa wengi mno na majina yao mengi hayakuandikwa popote isipokuwa vichwani mwa mama zao.

Msione haya. Nyumba ya Mkwawa yenyewe ilipasuka: ndugu yake Mpangile alikubali kutawazwa na Wajerumani Desemba 1896, na Februari iliyofuata wakamnyonga wao wenyewe. Kama nyumba ile ilibeba hayo, yetu ni ipi isiyoweza?

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko yote. Makaburi ya zamani ya upande wa Kilolo yako kwenye shamba lililouzwa, na mwenye shamba anaandaa kupanda mipaini mvua zikianza. Nendeni mwezi huu, mkiwa na shangazi yenu mkubwa, ndiye pekee anayejua nani kalala wapi. Mwombeni mwenye shamba aache nafasi, wekeni alama za mawe, andikeni majina kwa mpangilio alioutaja shangazi, hata ukipingana na mti wa ukoo mliouchora. Fedha ya bango itatosha nauli yenu na ya kumrudisha shangazi kwa gari, siyo bodaboda.

Babu yenu,
Ipogolo, Iringa