Gereza la Kilwa lisipigwe saruji

Mhariri,

Kila yanapotajwa magofu ya Kilwa Kisiwani, hapa Dar es Salaam hakosekani anayesema: "Si wapige saruji tu, Gereza lisimame!" Saruji ndiyo itakayoliangusha.

Gereza hilo si jela, ni ngome ya ufukweni; Wareno waliijenga mwaka 1505 wakaihama 1512. Kuta nyingi zinazoonekana leo ni za Waomani, za karibu mwaka 1800, zilizopandishwa juu ya mabaki ya Wareno. (Hata jina walituachia Wareno: igreja, yaani kanisa kwa Kireno, ndiyo iliyozaa gereza.) Wote walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Tumbawe lina matundu, hunyonya maji na chumvi. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huuziba, maji yakatafuta njia kwenye jiwe lenyewe. Yakikauka, chumvi huganda matunduni na kulimenya jiwe kidogo kidogo. Mwishowe kiraka kinabaki kigumu, jiwe la pembeni limekuwa unga.

Anayekarabati aanze kuibangua saruji ya zamani kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa mashine. Chokaa iliyozimwa kwa maji ilale majini wiki tatu au zaidi, kisha ndoo moja ichanganywe na tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Ukuta ulowanishwe kwanza, maana ukuta mkavu hufyonza maji ya mchanganyiko na lipu ikabanduka. Tabaka lisizidi sentimita moja, lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa wiki nzima. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: chokaa haishiki kwa kukauka, hushika kwa kuvuta hewa ukaa polepole. Ikipigwa na jua la mchana inapasuka.

Mti uliootea ukutani usivutwe, utang'oka na mawe. Ukatwe, mizizi ife, ndipo matundu yajazwe chokaa nyepesi.

Upande wa bahari ni habari nyingine. Huko mawimbi huchimba msingi, na hakuna lipu ya kuyazuia. Panahitajika ukuta wa mawe wa kukinga, na mikoko iachwe imee. UNESCO iliiingiza Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikaitoa 2014. Bahari haikusoma tangazo hilo.

Mwashi wa majengo ya kale,
Dar es Salaam